UZI: Bloku za neva baada ya oparesheni ya tumbo, mofini inapungua kweli ila saa nane usiku ndo kuna mtihani

Mzee wa Ganzi (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi niliuahidi siku nyingi, kwenye ule mjadala wa jamaa aliyeuliza kwanini ndugu yake alitoka thieta anapiga stori na kucheka afu usiku wa manane akaanza kulia kama mtoto. Kila nikianza kuandika naitwa kazini. Leo sina zamu, simu ina chaji, twende.

Mimi kazi yangu ni usingizi. Yule mtu anaekaa upande wa kichwa cha mgonjwa wakati wenzake wanakata huku chini, ndo mimi. Watu wakishasinzia hawanikumbuki tena na wala sidai, ila maumivu ya baada ya oparesheni nayahesabu ni deni langu, maana mengi yanaamuliwa kabla mgonjwa hajatoka mezani.

Tumbo likipasuliwa maumivu yanatoka sehemu mbili tofauti, na mtu asipozitenganisha hizi mbili hataielewa bloku, yaani ganzi ya kulaza neva za eneo moja tu la mwili, hata umchoree. Chukulia tumbo kama nyumba. Kuna ukuta, yaani ngozi, mafuta, misuli na ule utando uliogandana na ukuta kwa ndani. Afu kuna vyombo vilivyomo, utumbo, kizazi, nyongo, ini. Maumivu ya ukuta ni makali, yana mahali, mgonjwa anakuonyesha kwa kidole kimoja, hapa, na akikohoa au akijigeuza ndo anakoma kabisa. Maumivu ya vyombo vya ndani hayaonyeshwi kwa kidole, mtu anazungusha kiganja kizima juu ya tumbo, yanabana yanaachia, yanakuja na kichefuchefu.

Neva za ukuta zinatoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia pingili ya 6 au 7 ya kifua mpaka ya 1 ya kiuno, zinazunguka ubavu kuja mbele. Ubavuni kuna misuli mitatu imelaliana kama kurasa za kitabu, wa nje, wa kati na wa ndani, na hizo neva zinapita kati ya ule wa kati na ule wa ndani. Sasa ukimwaga ganzi kwenye ile nafasi, inatambaa, inazilowesha neva kadhaa kwa mpigo, upande ule wa ukuta unalala. Hiyo ndo bloku wanayoiita TAP. Daktari anaitwa Rafi aliielezea 2001, enzi hizo unapapasa pembetatu fulani juu ya nyonga, unasukuma sindano mpaka uhisi imetoboa, unategemea mkono wako na Mungu. 2007 ikaja ya kutumia ultrasaundi na hapo ndo mambo yakanoga.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Unaweka kichwa cha mashine ubavuni, kati ya mbavu na nyonga, kwenye skrini unaona michirizi mieupe na misuli ya kijivu katikati yake. Sindano inaingia kama mstari unaong'aa. Ukifika unapodhani ndipo, usimwage dawa, sukuma kwanza maji ya chumvi mili 1 au 2. Msuli ukivimba na kuwa na ukungu, uko ndani ya nyama, vuta au sogeza kidogo. Ukiwa penyewe, tabaka mbili zinaachana taratibu na katikati panafunguka weusi, kama jicho la mtu anaeamka. Miaka yote hii na bado nikiliona lile jicho nafurahi.

Mantiki ya yote haya ni kupunguza opioidi. Hapo namaanisha familia ya mofini, pethidini, fentanili, kodeini na tramado. Hizi dawa zinatuliza, simo kwenye kundi la wanaozitukana, ila zina bei yake mwilini. Kutapika, na hebu fikiria kutapika ukiwa na mshono wa tumbo. Kuwashwa. Mkojo kugoma. Usingizi mzito na pumzi kuwa chache, hiyo ndo inayoua. Afu kubwa kwa hawa wa tumbo, utumbo unalala, sababu vipokeo vile vile ambavyo mofini inashika kichwani viko tele kwenye utumbo. Utumbo tayari umeshikwashikwa na mikono ya watu, umegoma, na wewe unauongezea dawa ya kuugomesha. Ndo maana nesi kila asubuhi anauliza "umejamba?" na watu wanaona aibu. Lile ni swali la maana sana.

Nikipumzika kidogo naendelea, ulizeni.

mdadisi_mkuu

Mkuu shukrani. Sasa hii si ndo ile sindano ya mgongo? Shangazi yangu alichomwa mgongoni akawa hasikii miguu kabisa.

Mzee wa Ganzi

Hapana mdadisi, ni ndugu ila sio mtu mmoja. Ya mgongo dawa inaingia kwenye maji yanayozunguka uti, inaziwahi neva kwenye shina, kwaio unapoteza miguu, presha inashuka, na unaweza kupasuliwa ukiwa macho. August Bier alifanya ya kwanza 1898 huko Ujerumani akitumia kokeini, akajaribu na kwake mwenyewe na msaidizi wake, matokeo yake wote wawili wakaumwa kichwa vibaya. Hizi za ukutani zinaziwahi neva mbele huko kwenye matawi. Miguu inabaki yako, presha haiguswi sana, ila huwezi kupasuliwa kwa TAP peke yake, maana vyombo vya ndani viko macho kabisa.

Kuna na epidurali, mrija mwembamba unaobaki mgongoni siku kadhaa dawa ikipita. Kwa kisu kirefu cha katikati ya tumbo, kutoka juu mpaka chini, hiyo kwa muda mrefu ndo ilikuwa mfalme na bado ina heshima yake, inashika ukuta na sehemu ya vya ndani. Tatizo ni presha kushuka, mpira wa mkojo, miguu kuwa mizito, na si chache ambazo hazishiki vizuri au zinachomoka. Mgonjwa aliye kwenye dawa za kuyeyusha damu nae humchomi tu hovyo, damu ikivujia mgongoni ikabana uti anaweza kupooza. Kwa oparesheni za matundu, zile za kamera, epidurali wengi wameshaiacha, kidonda ni kidogo kuliko usumbufu wake.

Kisu Baridi

Mzee wa Ganzi nakuheshimu ila mnapenda kujikuza. Mimi ni mtu wa kisu, kabla sijafunga ngozi napiga ganzi pembezoni mwa kidonda dakika mbili nimemaliza. Sihitaji mashine, sihitaji jicho la kuamka 😂. Tofauti iko wapi?

Mzee wa Ganzi

😂😂 Kisu Baridi nilijua utakuja. Nikujibu kwa haki. Kwa kidonda kidogo hauko mbali na ukweli, ganzi ya kidondani ikipigwa vizuri inafanya kazi nzuri na tofauti na TAP ni ndogo, mara nyingi inaonekana zaidi masaa ya baadae kwamba TAP inakaa muda mrefu kidogo. Tena kwenye oparesheni ya kamera wewe mwenyewe unaweza kupiga TAP huku unaangalia kwa ndani, wengi wanafanya hivo. Mi sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni mmoja tu, UNIAMBIE. Ngoja nisimulie. Siku moja nina mama mwembamba, kilo 45, amefanyiwa oparesheni chini ya kitovu, amelala nusu kaputi. Oparesheni inaisha, nimeshavuta mabomba mawili ya bupivakeini, hiyo ndo dawa yenyewe ya ganzi, ya asilimia 0.25, mili 20 kila moja, moja kulia moja kushoto kama mazoea. Nikauliza tu kwa mdomo, dokta kidondani umeweka kitu? Akajibu huku anavua glavu, "ah kidogo tu, mili 10 ya asilimia 0.5".

Sasa piga hesabu. Bupivakeini kwa kawaida hatuvuki miligramu 2 kwa kila kilo, kwaio mama wa kilo 45 mwisho wake ni 90. Asilimia 0.25 maana yake kila mili ina miligramu 2.5, mabomba yangu mawili yana 100, peke yake tu nilikuwa nimeshavuka kwa mazoea ya kipumbavu. Na "kidogo tu" ya dokta ni miligramu 50. Jumla 150 kwa mtu wa 90. Nilitokwa jasho nikiwa nimeshika sindano. Nilichofanya, 90 toa 50 za dokta nilikuwa nimebakiwa na miligramu 40, nikazizimua kwa maji ya chumvi mpaka mili 32, nikampa 16 kila upande. Dawa nyepesi lakini nyingi, maana hizi bloku za kati ya misuli zinategemea sana ujazo ili dawa itambae. Na aliamka vizuri.

Kwaio sio mashine wala jicho. Ni ile sentensi moja ya "nimeshaweka kiasi fulani" kabla mwenzako hajachoma.

Kisu Baridi

Hapo umenikamata. Nimewahi kuwa huyo wa "kidogo tu".

lulu_ya_pwani

Samahani naomba kuuliza, ikizidi inakuwaje? Si ni ganzi tu hata ya jino?

Mzee wa Ganzi

Dada lulu, ganzi inafanya kazi kwa kufunga milango ya sodiamu kwenye neva. Moyo na ubongo navyo vina milango hiyo hiyo. Ikiingia nyingi kwenye damu, au ikichomwa kwenye mshipa kwa bahati mbaya, mtu aliye macho anaanza kukwambia midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma, anakuwa hana utulivu au anaropoka, afu degedege, afu mapigo ya moyo yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Bupivakeini inasifika kwa ubaya huo sababu inaushika moyo na haiachii kirahisi. Na huyu wangu wa nusu kaputi hana mdomo wa kukwambia ladha ya chuma, dalili ya kwanza utakayoiona inaweza kuwa monita inakwenda kombo. Na haiji lazima papo hapo, kwenye bloku za misuli dawa inanyonywa taratibu, kwaio nusu saa ya kwanza na zaidi huondoki.

Dawa yake ipo, mafuta ya dripu ya asilimia 20, yale meupe kama maziwa ya kulishia wagonjwa kwa mshipa. Mili 1.5 kwa kilo haraka, afu dripu ya mili 0.25 kwa kilo kila dakika, huku unaendelea na kufufua. Waligundua kwa panya 1998, kwa binadamu ikaokoa mtu kwa mara ya kwanza iliyoripotiwa 2006. Mtu anaepiga bloku mahali ambapo hayo mafuta hayapo karibu, mi namshangaa. Kwa wadogo zetu kikazi wanaosoma huu uzi, jua yalipo kabla hujavaa glavu.

Nesi wa Usiku

Nimesoma kote huko najiuliza lini mtafika wodini. Niseme ukweli wangu, nyie mnapiga bloku mchana mnaenda kulala, sisi ndo tunapokea. Mgonjwa analetwa jioni anang'aa, maumivu sifuri, anaongea na simu, anakataa vidonge, "nesi mimi siumwi". Kwenye faili pameandikwa vidonge apewe "akihitaji". Sasa yeye hahitaji. Saa nane usiku kengele. Nikifika nakuta mtu amejikunja, jasho, ameshika kitanda, na mara nyingi ndo nampa mofini nyingi kwa mkupuo kuliko hata wale ambao hawakupigwa bloku. Kuna baba mmoja aliniambia "nesi, ni kama wamenipasua tena sasa hivi". Huyo mlimhesabia kwenye takwimu zenu kwamba mofini imepungua?

Mzee wa Ganzi

Nesi wa Usiku, huu uzi niliufungua kwa ajili ya hii komenti yako, sema nilikuwa nazunguka.

Wakuu someni hapo mara mbili. Bupivakeini ya mchomo mmoja inakaa masaa kadhaa, wengine 8, wengine 12, wengine inafika hata 18. Ukichoma saa nane mchana, inakuja kuisha usiku wa manane, saa nane nyingine, taa zimezimwa, nesi mmoja ana wagonjwa chungu nzima, na mimi nakoroma nyumbani. Na haiishi kwa ustaarabu. Mwili haukupata nafasi ya kuzoea maumivu kidogo kidogo, damu haina dawa nyingine yoyote kwa sababu mgonjwa alikuwa "haumwi", yote yanakuja kwa mkupuo. Kitaalamu wanasema maumivu ya kurudi kwa kishindo.

Na ndo maana siku hizi mafanikio yangu siyapimi pale chumba cha kuamkia. Pale kila mtu anang'aa, hata mimi ningeng'aa. Napima kwa kumuuliza mgonjwa asubuhi, usiku ulilala?

Dawa ya hili ni rahisi mpaka inaudhi. Vidonge vinaanza ganzi ikiwa BADO ipo. Parasetamo gramu 1 kila masaa 6 kwa mtu mzima mwenye uzito wa kutosha na ini zima, kwa saa, sio kwa "akihitaji". Juu yake kitu cha familia ya ibuprofeni au diklofenaki kama figo ziko sawa, hana vidonda vya tumbo na dokta wa kisu hana hofu ya mgonjwa kuvuja damu. Deksamethasoni ya mshipa wakati wa oparesheni, inazuia kutapika na inaivuta ganzi mbele masaa kadhaa. Mofini inaandikwa pia, dozi ndogo, kwa ajili ya yatakayobaki. Na kwenye faili naandika kwa herufi kubwa, GANZI INATEGEMEWA KUISHA KATI YA SAA NNE NA SAA NANE USIKU, VIDONGE VYA SAA NNE ASIVIKATAE. Manesi wa zamu walinicheka mwanzoni. Sa hivi nisipoandika wananipigia simu.

Kuna Mdenmaki anaitwa Henrik Kehlet, huyu ndo alianza kuisukuma hii habari ya kuchanganya dawa ndogo ndogo za njia tofauti miaka ya 1990, ili kila moja ibebe kipande chake na mofini ibaki na kazi ndogo. Kutembea mapema, kula mapema, mipira kutolewa mapema, vyote vimo humo humo. Bloku ni mchezaji mmoja kwenye ile timu. Ukimwacha uwanjani peke yake utafungwa, na goli litaingia usiku.

Nesi wa Usiku

Basi mi nimeridhika. Ungekuwa karibu ningekuletea barakoa mpya 😅

mama_mapacha

Mimi nina dukuduku. Nilijifungua kwa kisu, nikachomwa ya mgongo, afu nikaambiwa wataniongezea na bloku za tumboni pembeni. Asubuhi nashuka kitandani mguu wa kulia ukakunjika kama sio wangu, bahati dada yangu alinidaka. Ulirudi jioni yake. Kila mtu akawa ananiambia ni ile sindano ya mgongo, ila ya mgongo si ilishaisha usiku?

Mzee wa Ganzi

Pole sana dada, na hongera ya mapacha. Siwezi kukupima kwa simu, ila ulichosema kinafahamika. Dawa ya TAP ikishuka tabaka moja chini kuliko inavyotakiwa, inaweza kutambaa kwa nyuma mpaka ikaifikia neva ya paja, ile inayonyoosha goti. Goti linakosa breki. Ikiisha dawa inarudi yenyewe. Ile bloku ya nyuma zaidi, wanaiita QL, aliileta Blanco 2007, nayo inaweza kufanya hivo hivo. Ndo maana aliyepigwa hizi asishuke kitandani mara ya kwanza peke yake. Kwanza akiwa amelala anyanyue mguu ulionyooka, kila mmoja kwa zamu, afu akae, afu ndo asimame na mtu pembeni. Wodi nyingi hawaambiwi hili, na hapo kosa ni letu sisi tuliochoma.

Ila kwako nina jambo jingine. Kama kwenye ile ya mgongo waliweka na mofini kidogo, na huwa ni kidogo mno, maikrogramu 100 mpaka 150, basi TAP juu yake haiongezi cha maana sana kwa mama wa kujifungua, tafiti zimerudia hilo mara kwa mara. Hiyo mofini ya mgongoni inakaa karibu siku nzima na inashika mpaka maumivu ya kizazi. Utawashwa pua na uso, unaweza kutapika, na lazima pumzi ziangaliwe, ila inafanya kazi. TAP kwa mama inang'ara pale ambapo mofini ya mgongoni haikuwekwa, au amepasuliwa kwa nusu kaputi.

mama_mapacha

Kuwashwa pua niliwashwa mpaka nikadhani ni aleji! Kumbe.

Jembe Butu

Mimi nilitolewa nyongo kwa kamera, tumbo halikuniuma hata, BEGA ndo lilinitesa siku mbili. Nikasema hawa watu wameniangusha chini nikiwa nimelala 😂 bloku yenu hiyo ilikuwa wapi?

Mzee wa Ganzi

Hahaha mkuu hukuangushwa. Kwenye kamera tumbo linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi, inainyoosha na kuikera ile paa ya tumbo, kiwambo kinachotenganisha na kifua. Neva ya kiwambo inatoka shingoni, pingili za 3, 4 na 5, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega. Ubongo unachanganya anuani, unasema bega. Bloku ya ukuta haigusi huko kabisa, hata ningekuchoma sindano kumi. Kinachosaidia ni dokta kuitoa gesi vizuri mwishoni asiharakishe, vidonge vya kawaida, na kutembea.

Na hapo ndo nirudie habari ya nyumba. Bloku inauteka ukuta. Utumbo ukisokota, kizazi kikibana, bega likiuma, hapo ukuta hauhusiki. Pia kila ukuta na mahali pake. TAP ya ubavuni inashika zaidi chini ya kitovu. Mshono wa juu ya kitovu unataka uchome chini ya mbavu, au ule mfuko wa misuli ya mbele ya tumbo, na hiyo sio mpya, Schleich aliielezea 1899. Kuna na ya mgongoni pembeni ya uti, kwenye misuli inayokusimamisha, Forero na wenzake waliileta 2016, imependwa sana kwa sababu ni rahisi kupiga. Kwa tumbo matokeo yake ni leo hivi kesho vile, mi bado naiangalia kwa jicho la pembeni.

Tiba Asilia Original

Si muache mofini kabisa tu! Marekani watu wamekwisha kwa hayo madawa. Mofini ni sumu full stop.

Mzee wa Ganzi

Mkuu Marekani ni kweli wameumia, na sehemu ya mlango ulikuwa ni huu huu wa oparesheni. Kuna utafiti wa kule ulitoka 2017, waliwafuatilia watu zaidi ya 36,000 ambao walikuwa hawatumii opioidi kabla ya kupasuliwa, takribani 6 kati ya 100 walikuwa bado wanaandikiwa na kuchukua dawa hizo baada ya miezi mitatu mpaka sita. Na cha kushangaza, waliopasuliwa kidogo na waliopasuliwa sana walikaribiana. Kwaio sio ukubwa wa kidonda pekee unaomfanya mtu aendelee. Na usidhani bloku ya masaa 12 ndo itamzuia mtu asiendelee miezi, hiyo ni kuipa mzigo sio wake. Idadi ya vidonge unavyomfungashia mtu kwenda navyo nyumbani ina uzito kuliko sindano yangu.

Ila kuacha kabisa, hapana. Maumivu makali yasiyotulizwa nayo yanaua, kwa njia ya kimya. Mtu aliyepasuliwa juu ya kitovu akiumwa anaogopa kuvuta pumzi ndefu, anaogopa kukohoa, makohozi yanakaa, siku ya tatu ana nimonia. Anaogopa kushuka kitandani, damu inaganda mguuni. Huyo mofini ndogo ndogo kwa kipimo, na mtu wa kumwangalia pumzi, na naloksoni, dawa ya kuizima mofini ikizidi, ikiwa jirani, inamsaidia. Sumu ni kipimo mkuu, hata ganzi yangu tumeshapigia hesabu hapo juu.

mtoto_wa_mwisho

Wakuu nimekuja mbio. Mama yangu anapasuliwa kesho, utumbo, wamesema kisu cha katikati. Ana miaka 68 na zamani alipewa pethidini akatapika siku nzima. Niwaulize nini bila kuonekana mjuaji?

Mzee wa Ganzi

Usiogope kuonekana mjuaji, mwenye mama ni wewe. Mtu wa usingizi atapita kumuona kabla, hapo mwambie kwanza habari ya pethidini na dawa zote anazotumia, hasa za kuyeyusha damu, na kama amewahi kupata shida na ganzi hata ya jino. Afu muulize mtampa nini cha kuzuia maumivu zaidi ya mofini, epidurali au bloku au vyote havipo. Akisema bloku, muulize tu kwa upole, inategemewa kuisha saa ngapi na baada ya hapo kuna nini. Akikujibu hilo la mwisho bila kufikiri, uko mikono salama. Na mama mwambie mapema, vidonge vya usiku ameze hata kama hasikii kitu.

mtoto_wa_mwisho

Asante sana mkuu. Nitaleta mrejesho.

Nesi wa Usiku

Tunasubiri. Mwambie mama akikohoa akumbatie mto tumboni, abane kabisa.

mtoto_wa_mwisho

MREJESHO wakuu. Ilikuwa juzi, samahani nilichelewa. Walimuwekea vimirija viwili pembeni ya misuli ya mbele ya tumbo, kila baada ya masaa wanapitisha ganzi, epidurali walisema hapana kwa sababu ya dawa yake ya moyo. Nilimuuliza yule dada wa usingizi inaisha saa ngapi, akanitazama akacheka, akasema wewe umesoma wapi. Usiku wa kwanza aliamka saa tisa, akaomba sindano ya mofini mara moja, akalala mpaka alfajiri. Hajatapika. Leo asubuhi nesi kamuuliza lile swali, mama kaona haya, kageukia ukutani. Afu kajibu mwenyewe bila kutaka. Wodi nzima imecheka, na yeye kacheka huku kashika mto.

Mzee wa Ganzi

😂😂😂 Hiyo ndo sauti nzuri kuliko zote wodini. Mpe salamu.